Vifaranga wa Ndege ya Saa Mbili

Nyumbani kwa mama mkubwa siku ilianza kwa kelele za aina tatu: mvumo wa mashine za kutotolesha vifaranga, ngurumo ya ndege ya kwanza ikipita juu ya mabati, na sauti ya mama mkubwa mwenyewe, ambayo ilizishinda zote mbili.

"Wewe Mjuaji! Maji ya mashine yako wapi? Au unangoja yajilete?"

Msichana aliyeitwa Mjuaji alikuwa na jina lake zuri alilopewa na mama yake, lakini katika nyumba ile hakuna aliyejisumbua kulitumia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tatizo lake lilikuwa moja: hakuweza kuona swali likipita bila kulijibu. Ukiuliza mvua itanyesha lini, atakujibu. Ukiuliza kwa nini mbwa wa jirani anabweka, atakujibu. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi. Hakuna anayefurahia mtoto anayejua kila kitu, hasa akiwa anakula chakula cha watu.

Maana Mjuaji hapo hakuwa kwao. Mwaka mmoja uliopita mama yake alipata kazi mbali, akamwacha kwa dada yake mkubwa ili asome. Mama mkubwa alimpokea kama mtu anavyopokea mzigo wa jirani: akauweka pembeni na kuulizia utachukuliwa lini. Alikuwa na shughuli zake za kutosha. Alikuwa na mashine mbili, jenereta moja lililokohoa kuliko lilivyofanya kazi, na binti yake wa kumzaa, aliyelingana umri na Mjuaji.

Binti huyo majirani walimbandika jina la Kiberiti, kwa kuwa hakuhitaji kusuguliwa sana ili awake. Kiukoo alikuwa dada yake Mjuaji. Kwa matendo alikuwa adui yake. Walilala kitanda kimoja, na kila usiku Kiberiti aliweka mto mrefu katikati ya godoro kuwa mpaka. Ole wake atakayeuvuka.

"Kosa moja tu kubwa," mama mkubwa alikuwa akimwambia Mjuaji kila alipokasirika, "nakurudisha kwa bibi yako." Kwa bibi shule ilikuwa ng'ambo ya mto usio na daraja, na mvua zilipoanza watoto walikaa nyumbani mpaka ziishe. Mjuaji alimpenda bibi yake, lakini maneno hayo aliyaogopa kuliko fimbo.

Jumanne hiyo nyumba nzima ilikuwa imepandwa na hasira, na safari hii kulikuwa na sababu. Kwa mara ya kwanza mama mkubwa alikuwa amepata mteja wa nje, mama mfugaji katika mji ulio upande wa magharibi wa bara, nchi kadhaa kutoka pale. Mteja alitaka vifaranga wa siku moja, wengi kadiri inavyowezekana, na wangesafiri kwa ndege ya Alhamisi saa mbili asubuhi. Mayai yalikuwa yameanza kupasuka. Mayai yakianza kupasuka, mwenye mashine hatoki nje hata kama nyumba ya jirani inaungua, kwa sababu umeme ukikatika na jenereta likigoma, kila kitu kinaharibika.

"Naipigia ofisi ya mizigo tangu asubuhi," mama mkubwa alisema wasichana waliporudi kutoka shuleni. "Simu inalia mpaka inachoka. Mjuaji, hebu nenda huko uwanjani. Muulize karani mambo mawili: ndege inafika kule saa ngapi, na inakwenda moja kwa moja au inapita kwingine. Usirudi hapa bila jibu."

"Kwa nini inahitajika kujua kama inapita kwingine?" aliuliza Mjuaji.

"Si unaona, anahoji!" alisema Kiberiti.

Mama mkubwa alimtazama Mjuaji kwa macho mekundu ya usingizi. "Kifaranga akitoka kwenye yai, tumboni bado ana kiini. Anaweza kukaa siku mbili bila kula. Njaa haimuui. Kinachomuua ni joto na kukosa hewa. Safari ikiwa fupi, nawabananisha. Ikiwa ndefu, nawapa nafasi na kuwawekea vipande vya tango wadonoe maji. Umeridhika? Haya, toka!"

Ofisi ya mizigo haikuwa mbali. Ilikuwa kibanda cha matofali kando ya uzio wa uwanja wa ndege, chenye dirisha dogo la nondo, na nyuma ya nondo hizo alikaa karani wa mizigo. Mjini pale karani huyo alijulikana sana, na si kwa wema. Mjuaji alipofika alikuta foleni, na mbele kabisa alisimama dereva mmoja wa lori akioshwa kwa maneno.

"Nimekwambia uandike uzito! Uzito! Shuleni ulikwenda kufuata uji?" karani alifoka. Watu kwenye foleni walicheka, na dereva, mtu mzima mwenye ndevu, akainamisha kichwa kama mtoto.

Mjuaji alihisi uso wake unawaka, ingawa si yeye aliyetukanwa. Alimwona karani akiinua macho na kuitazama foleni, kisha macho yale yakatua juu yake. "Na wewe katoto, nani kakutuma? Hapa si mahali pa kuchezea!"

Yeye aliyekuwa na jibu la kila swali alirudi nyuma hatua moja, akageuka, akaondoka kwa haraka, kicheko cha foleni kikimsindikiza. Alipofika penye kona ya uzio aliketi juu ya jiwe, akavuta pumzi. Angerudi kusema nini? Kwamba alishindwa kuuliza swali? Kiberiti angelitumia neno hilo mwaka mzima.

Ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa na begi lake la shule, na ndani ya begi mlikuwa na atlasi na rula. Alifungua ramani ya bara, akaweka rula kati ya mji wao na mji wa mteja, akasoma sentimita. Akatazama kipimo chini ya ukurasa, akazidisha: kilomita elfu mbili na mia nne. Mwalimu wa jiografia aliwahi kuwaambia kwamba ndege kubwa ya abiria huenda kilomita kama mia nane kwa saa. Akagawanya. Tatu. Hesabu haikubakiza hata sehemu. Moyo wake ukatulia, na hofu ikageuka kuwa majivuno kidogo. Karani yule angemwambia nini zaidi ya hapo?

"Umeuliza?" mama mkubwa alimuuliza kabla hajavua viatu.

"Nimeuliza."

"Kasemaje?"

"Ni mwendo wa saa tatu. Ikiondoka saa mbili, saa tano asubuhi iko kule."

"Moja kwa moja?"

Swali hilo hakulipimia kwa rula. "Moja kwa moja," alisema Mjuaji. Uongo wa kwanza ulimtoka kwa shida. Wa pili ulimfuata mwenzake bila kusukumwa.

Mama mkubwa alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akakaribia kutabasamu. Hapo hapo alimpigia simu mteja, akamwambia awe uwanjani saa tano, na kwa vile safari ilikuwa fupi angemwongezea vifaranga katika kila boksi. Mteja alifurahi hata sauti yake ikasikika chumba kizima. Usiku ule Mjuaji alilala upande wake wa mto bila kugombana na mtu, akijiambia kwamba hesabu ni hesabu.

Kesho yake, somo la jiografia lilikuwa kabla ya mapumziko. Mwalimu alikuwa amechora ubaoni namna ya kupima umbali kwenye ramani, na alipouliza nani anaweza kutoa mfano, mkono wa Mjuaji ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Alisimama, akaeleza yote: miji miwili, rula, kipimo, mia nane kwa saa, saa tatu kamili.

"Hesabu yako haina kasoro," alisema mwalimu. "Lakini nani alikwambia kuna ndege inayokwenda huko moja kwa moja?"

"Ramani, Mwalimu..."

"Ramani inakuonyesha miji iko wapi. Haikuonyeshi ndege inapita wapi. Ndege inafuata abiria, haifuati rula!" Darasa likacheka. "Mimi niliwahi kusafiri kwenda mji ambao kwenye ramani naufunika kwa kidole hiki. Nilipelekwa kwanza nchi ya tatu, nikashinda kutwa kwenye kiti cha chuma nikingoja ndege nyingine. Barani kwetu miji mingi iliyo jirani kwenye karatasi iko mbali ukitaka kuifikia kwa ndege. Na usisahau, ukienda magharibi saa zao ziko nyuma ya zetu. Anayetaka kujua ndege inafika lini afanye nini?"

"Aulize!" darasa likajibu kwa pamoja.

Mjuaji aliketi. Alipogeuza kichwa alimwona Kiberiti, madawati mawili nyuma, akimtazama huku akitabasamu, na tabasamu hilo halikuwa la undugu.

Saa ya mapumziko Kiberiti alimbana kwenye ukuta wa choo. "Kumbe hukuuliza."

"Niache."

"Ulipima kwa rula, ukaja kumdanganya mama yangu mchana kweupe. Leo ndiyo siku yako. Nikifika nyumbani namwambia, urudishwe kwa bibi, na kitanda chote kiwe changu."

"Niache, nimesema!"

"Mjuaji hajui," Kiberiti aliimba, na wasichana wengine watatu wakaupokea wimbo huo bila kujua maana yake. Uliimbwa mpaka kengele ikalia.

Kengele ya kutoka ilipolia, Kiberiti alitoka mbio. Mjuaji alimfuata nyuma, begi likimpiga mgongoni, na akilini alikuwa akigeuza jambo moja. Mwezi uliopita Kiberiti alivunja trei nzima ya mayai akamsingizia yeye. Uongo ule ukagunduliwa, na mama mkubwa akaapa kwamba hatasikiliza tena maneno ya Kiberiti juu ya mwenzake. Kwa hiyo ilikuwa rahisi. Kiberiti akisema, yeye atakana. Ataaminiwa yeye. Mwalimu hayupo, karani hayupo. Atakana, na ndege labda kweli inakwenda moja kwa moja. Labda.

Chumba cha mashine kilikuwa na joto na harufu ya manyoya mabichi. Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti sakafuni akipanga vifaranga kwenye maboksi ya kadibodi, na matatu yalikuwa tayari yamejaa. Ndani yake vifaranga walikuwa wamebanana bega kwa bega, wakilia kwa pamoja, na wa katikati walikuwa wamenyoosha shingo juu kutafuta hewa.

"Mama, huyu hakwenda kuuliza!" Kiberiti alipayuka akihema. "Alipima kwa rula! Amesema mwenyewe darasani!"

"Umeanza tena?" mama mkubwa alisema bila kugeuka. "Nilikwambia nini kuhusu kumsingizia mwenzako?"

"Mama, haki ya Mungu..."

"Nyamaza!" Kisha mama mkubwa akamgeukia Mjuaji, mkononi ana kifaranga mmoja bado hajakauka. "Haya, na wewe sema nimalize kazi yangu. Uliuliza, au hukuuliza?"

Neno la kukana lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lilikuwa dogo, na lilikuwa la kuaminika. Mjuaji alilitazama rundo lile la vifaranga wa manjano ndani ya boksi, akamwona mmoja akikanyagwa na wenzake, akiinuka, akikanyagwa tena.

"Sikuuliza," alisema. "Nilifika, karani akanifokea, nikaogopa. Nikapima kwenye ramani. Mama mkubwa, inawezekana inapita kwingine. Sijui. Sijui chochote."

Hata Kiberiti alirudi nyuma. Mama mkubwa alimweka kifaranga chini taratibu sana, akainuka, na mkono wake ukapanda juu. Mjuaji alifumba macho. Lakini kofi halikuja.

"Nikikupiga sasa napoteza wakati," alisema mama mkubwa kwa sauti ya chini ambayo Mjuaji hakuwahi kuisikia. "Jumamosi utafunga nguo zako. Kiberiti, kaa hapa na mashine. Taa ikizimika, vuta kamba ya jenereta mpaka mkono ukatike. Wewe, mbele!"

Walitembea hadi uwanjani, mama mkubwa amemshika mkono kana kwamba angetoroka. Karani wa mizigo alikuwa tayari anashusha pazia la dirisha.

"Tumefunga, mama."

"Hujafunga. Saa kumi na moja haijafika, na mkono wako bado uko nje."

"Mama, usinifundishe kazi yangu!"

"Ningekufundisha, ungepokea simu!"

Walitupiana maneno mpaka mlinzi wa getini akasogea kusikiliza. Mwishowe karani alipandisha pazia kwa hasira. "Haya, unataka nini?"

Mama mkubwa alimsukuma Mjuaji mbele, mpaka kidevu chake kikagusa ukingo wa dirisha. "Uliza," alisema. "Lile la jana."

"Shikamoo," Mjuaji alinong'ona.

"Nini? Sema kwa sauti! Mnanichelewesha halafu mnanong'ona?"

Machozi yalikuwa karibu, lakini nyuma yake alisimama mama mkubwa, na mama mkubwa alitisha kuliko karani. Mjuaji alishika nondo. "Shikamoo! Ndege ya kesho saa mbili, ya mizigo ya magharibi, inafika kule saa ngapi? Na inakwenda moja kwa moja au inapita kwingine?"

Karani alimtazama kidogo, kisha akafunua makaratasi yake. "Marahaba. Haiendi moja kwa moja. Inakwenda kaskazini kwanza, inafika huko saa nne. Mizigo inashushwa, inangoja ndege nyingine inayoondoka saa nane mchana. Kule mwisho inafika saa kumi na moja jioni kwa saa zao, ambayo ni saa kumi na mbili kwa saa zetu. Umeridhika?"

Mama mkubwa alitoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba. Saa nne mpaka saa nane, jua la mchana, maboksi yamebanwa, na mteja angekuwa ameshangoja tangu saa tano, amekata tamaa, ameondoka. Vifaranga wangefika maiti, wakikuta hakuna hata wa kuwazika.

Lakini Mjuaji hakuachia nondo. "Na hapo yanapongojea," aliuliza, "maboksi yanakaa kivulini au juani?"

Karani alifungua mdomo kumfokea, kisha akaufunga. Alikuna kichwa. "Hilo sijui," alisema. "Ngoja niulize."

Alichukua simu, ile ile isiyopokelewa, akapiga, akazungumza na mtu wa upande wa pili kwa muda. Mjuaji alimkodolea macho. Mtu mkali namna ile alikuwa ametamka neno "sijui" mbele ya watu, na paa la kibanda halikumwangukia.

"Mizigo ya kawaida inaachwa nje kwenye sakafu ya lami," karani alisema alipoweka simu chini. "Yenye alama ya wanyama hai inaingizwa kwenye chumba chenye feni. Yenu mliandikishaje?"

"Maboksi," alisema mama mkubwa. "Hakuna aliyeniuliza ndani kuna nini."

"Na wewe hukusema! Mnataka nione ndani ya kadibodi?" Karani alivuta droo, akatoa karatasi nyekundu za kubandika, akazipitisha kati ya nondo. "Moja kila boksi, juu na ubavuni. Na mlete mapema. Sasa nafunga, msinitafutie lawama."

Kazi iliyofuata haikuwa na raha. Maboksi yaliyojaa yalifunguliwa, vifaranga wakapunguzwa, matundu yakaongezwa kwa kisu, vipande vya matango vikapangwa kwenye kila kona. Nafasi iliyolipiwa kwenye ndege ilikuwa ya maboksi manane tu, kwa hiyo vifaranga wengi waliokuwa wameahidiwa walibaki. Mama mkubwa alipompigia mteja kumweleza, sauti ya mteja ilisikika tena chumba kizima, safari hii si kwa furaha.

"Jana ulisema saa tano, leo saa kumi na moja! Jana wengi, leo wachache! Nimeshakodi gari la asubuhi! Unafanya biashara au unacheza kombolela?"

"Una haki ya kukasirika," alisema mama mkubwa, kila neno akilitoa kama anayelipa deni. "Taarifa ya jana haikuwa ya kweli. Ya leo nimeisikia kwa masikio yangu. Kosa ni la nyumba yangu."

Mjuaji, aliyekuwa akikata matango, aliona aibu kuliko alivyoona aibu dirishani. Mama mkubwa hakusema "kosa ni la mtoto wa mdogo wangu." Alisema la nyumba yangu. Kiberiti naye, aliyekuwa akibandika karatasi nyekundu, aliendelea kumkata Mjuaji kwa jicho, lakini hakuimba tena.

Alhamisi asubuhi maboksi yalikabidhiwa, na ndege ya saa mbili ikapita juu ya mabati kama ndege nyingine yoyote. Mchana, jua lilipokuwa kali, mama mkubwa alitoka uani mara kwa mara, akaangalia upande wa kaskazini kana kwamba angeona chochote, akarudi ndani akipigiza milango.

Simu ililia giza lilipokuwa limeshaingia. Mama mkubwa aliipokea amesimama.

"Nimewafungua," mteja alisema. "Wamekufa wawili. Waliobaki wanapiga kelele kama wanadai mirathi. Lakini nisikilize, mama: ungeniacha na saa tano yako, saa saba ningekuwa nimerudi shambani, na shamba langu si la kwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Safari nyingine niambie ukweli mara ya kwanza."

"Safari nyingine ipo?"

"Ipo. Wiki ijayo. Na uniletee wale ulioninyima."

Mama mkubwa aliweka simu chini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa khanga yake. Alipofunua uso, ulikuwa umerudi kuwa ule ule wa siku zote.

"Njooni hapa, nyote wawili."

Walikuja, wakasimama wameachana.

"Wewe kwanza," alimwambia Kiberiti. "Jana ulikimbia kuja kuokoa vifaranga, au kuja kumchoma mwenzako?"

Kiberiti alitazama vidole vya miguu yake.

"Ulisema kweli, na sikukuamini. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya ile trei ya mayai. Ukishadanganya mara moja, hata kweli yako inabisha hodi nje na haifunguliwi mlango. Kama mwenzako angekana, ningemwamini yeye, na leo ningekuwa na maboksi manane ya maiti. Hebu lifikirie hilo."

Kisha akamgeukia Mjuaji. "Nguo umefunga?"

"Nimefunga, mama mkubwa." Begi lilikuwa mlangoni tangu asubuhi.

"Nani alikwambia leo ni Jumamosi? Kazifungue, zisikunjamane." Mjuaji hakusogea, hakuwa na hakika kama amesikia vizuri. Mama mkubwa akaendelea, sauti bado kali. "Usidhani nimekusamehe kwa sababu ya macho yako hayo. Nimekasirika mpaka kesho kutwa. Lakini nataka uelewe nimekasirikia nini. Hesabu yako sikuikasirikia, rula haikukosea. Wala woga wako sikuukasirikia. Karani yule hata mimi ananikera. Nilichokasirikia ni neno moja, 'nimeuliza.' Ungesema, 'Mama mkubwa, nimekisia kwa ramani,' ningejua ninacho kisio mkononi, nikatafuta njia nyingine. Wewe ulinipa kisio ukakivika nguo za kweli. Watu hawaharibikiwi kwa kutojua, mwanangu. Wanaharibikiwa kwa kujengea juu ya jambo wanaloamini wanalijua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako ilikuwa fupi kuliko zote, haikumaliza hata siku moja."

Neno "mwanangu" lilimpita Mjuaji kwanza, kisha likarudi na kumgonga kifuani. Kwa mwaka mzima hakuwahi kulisikia kutoka kinywani humo.

"Wiki ijayo kuna maboksi mengine," alisema mama mkubwa akiinuka. "Utakwenda tena dirishani, peke yako. Ukirudi na jibu, vizuri. Akikufokea ukarudi bila jibu, vizuri pia. Simama hapo mlangoni useme, 'Sijui, sikuweza kuuliza.' Nitakugombeza, maana ndivyo nilivyo, halafu tutakwenda wote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama mkubwa."

"Basi maji ya mashine yako wapi? Au unangoja yajilete?"